Akishikwa na polisi huku Marekani, uliza habari za ICE kabla hujalipa dhamana

Mkuu, umeuliza inakuwaje shemeji yako ashikwe kwa kosa la leseni halafu aishie mikononi mwa ICE, yaani idara ya uhamiaji ya Marekani inayokamata na kurudisha watu makwao, wakati polisi wa mji wenu walishatangaza hawashughuliki na uhamiaji. Nakujibu kwa yaliyomkuta binamu yangu hapa Texas.

Askari aliyemsimamisha hakugusia vibali kabisa. Kilichomponza ni alama za vidole. Ukifikishwa jela ya kaunti zinachukuliwa, zinakwenda FBI, na kutoka huko zinafika kwa watu wa uhamiaji. Utaratibu huo ulianza 2008, na mkuu wa polisi hana namna ya kuuzuia. Kwa hiyo anaweza kuwa amesema kweli tupu, na shemeji yako akachukuliwa vilevile.

Kisha ICE huiandikia jela: muda wake wa kutoka ukifika, mshikilieni hadi saa 48 zaidi tuje tumchukue. Hakuna saini ya hakimu hapo. Mwaka 2014, katika kesi ya Galarza, mahakama ya rufaa ya shirikisho kule Philadelphia ilisema hilo ni ombi tu, si amri. California, kwa sheria yake ya SB 54, imekataza kumshikilia mtu kwa ombi hilo. Texas ni kinyume: SB 4 ya 2017 inazilazimisha jela kulitekeleza.

Familia nyingi zinaumia kwenye dhamana. Ndugu wanachangishana usiku kucha, pesa inalipwa, na hapo ndipo zile saa 48 zinaanza kuhesabiwa. Binamu yangu hakutoka nje ya geti. Tarehe ya kesi yake ya leseni ilifika akiwa kizuizini kwa ICE, dhamana nayo ikaingia kwenye mgogoro. Inaniuma mno kwamba pale dirishani hakuna aliyemwambia shangazi kitu, na pesa yao wakapokea.

Kwa hiyo uliza kwanza kama ICE wamemwekea zuio, yaani lile ombi la saa 48, na uongee na wakili wa uhamiaji, maana wa jinai peke yake hatoshi. Shemeji ataje jina lake la kweli, anwani na tarehe ya kuzaliwa. Alikozaliwa ana haki ya kunyamaza, ila asidanganye.

Akishahamishwa, mtafute kwenye tovuti ya ICE kwa namba yake ya uhamiaji inayoanza na A, pamoja na nchi aliyozaliwa. Kama huna namba, jaribu majina yake kwa kila mpangilio. Yetu haya matatu matatu huwa wanayachanganya, na herufi moja ikikosewa humpati.