Nimeokoka, Lakini Naambiwa Ukoo Wangu Bado Umenifunga: Je, Nitoe Sadaka ya Kujikomboa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mama wa miaka 31, kwetu ni Rungwe, nimeolewa Uyole hapa Mbeya, na ninauza viazi. Nilimpokea Bwana Yesu miaka minne iliyopita nikabatizwa. Tangu niolewe mimba tatu zimeharibika. Jirani alinipeleka kwenye huduma moja ya maombi, nikaambiwa kwamba bibi mzaa mama, aliyekuwa mganga wa jadi, aliwaweka wasichana wote wa ukoo kwenye madhabahu, na kwamba wokovu wangu ni wa roho tu, damu yangu bado haijakombolewa. Nimetakiwa kuleta udongo wa kaburi la bibi, kutoa sadaka ya kujikomboa shilingi 350,000, na kukata mawasiliano na mama yangu kwa sababu eti yeye ndiye mlango. Udongo nimeshauchukua. Kwa mama sijafika wala sijampigia simu tangu Pasaka. Mume wangu anataka kuuza pikipiki yake ya bodaboda ili tupate hiyo sadaka. Naomba unijibu: kama bado nimefungwa, nimeokoka nini? Na nikikataa kutoa, nitapoteza na mimba nyingine?

JIBU: Amina, binti yangu. Kwanza nakupa pole, wewe na mumeo, kwa ajili ya watoto watatu mliowapoteza. Nawaita watoto kwa makusudi, kwa kuwa najua jinsi mama aliyeharibikiwa na mimba anavyoambiwa kwamba "hakikuwa kitu bado", akaachwa alie peke yake bila watu wa kukaa naye, na mara nyingi bila hata mchungaji wa kumwombea. Makanisa yetu ya zamani yana la kujibu katika jambo hilo. Tusipofika sisi kumuuliza mama wa namna hiyo habari za msiba wake, atafika mwingine mwenye maelezo yake na bei yake.

Jibu la swali lako ni fupi: usiitoe fedha hiyo. Ulipompokea Kristo ulikuwa wake mzima, roho yako na mwili wako na jina la ukoo wako, na hakuna sehemu yako iliyobaki rehani kwa bibi yako wala kwa mizimu wala kwa shetani. Ningeweza kuishia hapo kama fundisho ulilopewa lingekuwa la nyumba moja, lakini nimeletewa swali kama lako na watu wa Tukuyu, wa Makambako na wa Mafinga, wengine wakiwa wameshauza mashamba ya miti, na kwa sababu hiyo linastahili kujibiwa kwa urefu.

Walimu wa fundisho hili husimama zaidi ya yote juu ya Kutoka 20:5, ambapo Mungu asema kwamba huwapatiliza wana maovu ya baba zao "hata kizazi cha tatu na cha nne cha wanichukiao". Huisoma mistari hiyo nusu. Maneno "cha wanichukiao" yanawahusu watoto wanaoendelea katika uasi wa wazazi wao, na mstari unaofuata unasema kwamba Mungu huwarehemu maelfu elfu wampendao. Wewe unampenda au unamchukia? Israeli walipoligeuza neno hilo kuwa methali ya kulalamikia, wakisema baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, Mungu mwenyewe aliwakataza kuisema tena, na sura nzima ya 18 ya kitabu cha Ezekieli ikaandikwa kulieleza jambo hilo hadi kufikia kauli isiyo na utata: "mwana hatauchukua uovu wa baba yake". Wanafunzi nao walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana wetu aliwajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Hao wanaokwambia habari za bibi yako wanauliza swali lile lile la wanafunzi, ila wao hawangoji Bwana ajibu.

Na kama kuna mtu ambaye ukoo ungeweza kumfunga, huyo ni Ruthu. Alikuwa Mmoabu, na torati ilisema wazi katika Kumbukumbu la Torati 23:3 kwamba Mmoabu asiingie katika mkutano wa Bwana hata kizazi cha kumi. Ruthu hakuleta udongo wa Moabu, hakulipa kitu, wala hakuambiwa amtupe mkwewe Naomi, ambaye mwenyewe aliwaambia wanawake wa Bethlehemu kwamba Mwenyezi amemtesa. Alikimbilia chini ya mabawa ya Mungu wa Israeli, akawa bibi wa Yese, baba yake Daudi, na jina lake limeandikwa katika Mathayo 1:5 katika ukoo wa Bwana Yesu.

Walimu hao huleta pia habari za Gideoni, aliyeamriwa kuibomoa madhabahu ya Baali ya baba yake, nao husema kila mkristo ana madhabahu za ukoo zinazopaswa kubomolewa kwa sadaka. Msome vizuri Waamuzi sura ya 6. Madhabahu ile ilikuwa imesimama kwa mawe, watu wa mji wakiiabudu, hata asubuhi walipoikuta imevunjwa walitaka kumwua Gideoni. Na yule ng'ombe wa pili wa baba yake aliteketezwa kwa Bwana, hakuishia kwenye zizi la nabii. Kama ndani ya nyumba yako kuna hirizi, au dawa aliyokuachia bibi, itoe leo na uichome; hiyo ndiyo kazi ya Gideoni, na haina ada. Waefeso walipoamini walileta vitabu vyao vya uganga vikachomwa moto mbele ya watu wote, na thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha (Matendo 19:19). Fedha hiyo yote iligeuka majivu. Paulo hakupewa hata kipande kimoja, wala hakuwaambia kwamba kuchoma hakutoshi mpaka watoe kitu cha kujikomboa.

Neno hilo la sadaka ya kukomboa nafsi wanalitoa katika Kutoka 30, na hapo ndipo ninapokosa uvumilivu, kwa maana mstari wa 15 wa sura hiyo unasema kwamba tajiri asizidishe na maskini asipunguze katika ile nusu shekeli, na fedha yenyewe ilikuwa ya utumishi wa hema ya kukutania. Nani alipanga kwamba damu ya muuza viazi wa Uyole ni shilingi 350,000? Petro anawaandikia watu waliotoka katika ibada za sanamu, ambao babu na bibi zao wote walitambika, akisema kwamba walikombolewa "si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu", katika mwenendo usiofaa walioupokea kwa baba zao, "bali kwa damu ya thamani", yaani ya Kristo (1 Petro 1:18-19). Yametajwa yote mawili unayosumbuliwa nayo, urithi wa ukoo na fedha. La kwanza limekombolewa, na la pili limekataliwa kuwa bei yake. Petro huyu ndiye aliyemwambia Simoni wa Samaria kwamba fedha yake ipotelee mbali pamoja naye, kwa kuwa alidhania karama ya Mungu yapatikana kwa mali.

Fikiria mama aliyemaliza mkopo wake wa kikundi cha VICOBA, mbele ya wanachama wote, daftari likapigwa mstari na mwenyekiti akatia sahihi, kisha njiani anakutana na mtu asiye hata mwanachama anayemdai upya kwa niaba ya kikundi. Akimlipa, hatakuwa amelipa deni, atakuwa ameibiwa. Paulo asema Kristo aliifuta ile hati ya kutushitaki, akaiondoa isiwepo tena, akaigongomea msalabani (Wakolosai 2:14), na anayekudai leo hana hati mkononi.

Kuna hoja nyingine ambayo wazee wetu wa Rungwe wangeitoa bila kufungua kitabu. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika huku mwaka 1891. Wakristo wa kwanza wa nchi hii hawakuwa na hata bibi mmoja mkristo. Vizazi vyote nyuma yao vilitambika. Kama damu ya mtu hubaki imefungwa baada ya kuamini, basi hao waliotuletea Injili, waliotuombea na kutubatiza, waliishi na kufa wamefungwa, na sisi tumeipokea imani kutoka kwa wafungwa. Sijakutana na mwalimu wa fundisho hili aliye tayari kulisema hilo mbele ya makaburi yao.

Usinielewe vibaya. Sikani kwamba pepo wapo, wala kwamba uganga ni jambo la hatari. Nimewaombea watu walioteswa, na Bwana amewafungua. Maombi ya kufunguliwa ni kazi halali ya kanisa, na hutolewa bure, maana imeandikwa, "mmepata bure, toeni bure". Ninalolikataa ni kumwambia mtu aliye ndani ya Kristo kwamba Kristo amemwokoa nusu, kisha kumuuzia nusu iliyobaki. Wagalatia walifanyiwa hivyo kwa jina la tohara, na Paulo aliwaandikia kwa ukali kuliko alivyoandikia kanisa lingine lolote: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa" (Wagalatia 5:1). Anayeamini kwamba uhuru wake umo katika udongo au chupa ya mafuta hawezi kutulia, kwa sababu kila akipata kimoja huambiwa cha pili. Tulishuhudia mwisho wa hali hiyo Moshi mwezi Februari 2020, watu 20 walipokufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako.

Umeuliza, "nimeokoka nini?" Umeokoka hukumu, kwa maana hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Umeokoka utawala wa dhambi, ili usilazimike tena kuitii. Na umeokoka ile hofu ambayo Waebrania 2:15 inasema iliwaweka watu utumwani maisha yao yote, hofu ile ile ambayo bibi yako aliwatibu nayo wateja wake na ambayo sasa unarudishiwa kwa jina la Yesu. Lakini wokovu haukuahidi kwamba mwili hautaugua kabla ya ile siku. Warumi 8:23 inasema kwamba sisi tulio na Roho nasi tunaugua, tukingojea ukombozi wa mwili wetu. Mimba kuharibika ni sehemu ya kuugua huko. Si ushahidi kwamba Mungu hakukupokea, na mtu asikwambie tena neno hilo.

Kwa sababu hiyo nakuomba uende hospitali, tena pamoja na mumeo. Mimba zinazoharibika mfululizo zina sababu nyingi zinazojulikana na kupimika: kaswende isiyotibiwa, kisukari, shinikizo la damu, mlango wa kizazi kulegea, uvimbe katika mfuko wa uzazi, matatizo ya kuganda kwa damu, hata kundi la damu la mama na la mtoto kutopatana. Baadhi yake yana tiba. Hapo Mbeya mna kitengo cha wazazi cha Meta chini ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Eleza kila mimba ilifikia miezi mingapi na ilitokaje, maana daktari ataanzia hapo. Inawezekana vipimo visionyeshe kitu, kwa wengine huwa hivyo, na hata hapo hutakuwa umethibitishiwa laana. Pikipiki isiuzwe. Ndiyo inayoleta chakula nyumbani, na nauli ya kliniki itatoka humo.

Sasa nije kwa mama yako, jambo lililonikosesha usingizi kuliko lile la fedha. Sura ile ile ya 20 ya Kutoka, mistari saba tu baada ya huo wanaokutishia nao, inasema, "Waheshimu baba yako na mama yako". Wameichukua sura ya Amri Kumi wakaitumia kukuvunjisha amri mojawapo. Mama huyo amekosa wajukuu watatu, kisha akakosa na binti bila kuelezwa kosa lake. Na kama ni mtu wa kule kwetu, majirani wameshaanza kumuuliza kwa nini haonekani mtu kutoka Uyole. Kuwa binti wa mganga hakumfanyi mtu kuwa mlango wa mapepo. Panda gari la Tukuyu mwisho wa juma hili, ukiweza na mumeo, umwombe radhi na kumweleza yote, hata habari za udongo. Kama yeye hajampokea Kristo, utakuwa na nafasi ya kumshuhudia, na hatasikia Injili kutoka kwa mtoto anayemkwepa.

Udongo huo umwage penye mti wowote au uurudishe kaburini. Hauna nguvu juu yako, na hauhitaji ibada. Umepatwa na hofu, hujaabudu sanamu, kwa hiyo usijitese kwa toba ya siku nyingi. Mwambie Bwana ulivyoogopa, naye amekwisha kujua.

Wale watu huenda wakakupigia simu na kukuonya kwamba mimba ijayo pia itatoka. Usibishane nao. Mtu anayekisia msiba wa mwenzake ili alipwe hana ujumbe wa Mungu, hata kama msiba huo ukitokea kweli, kwa maana mama yeyote aliyepoteza mimba tatu yumo katika hatari ya kupoteza nyingine, na hilo analijua muuguzi wa zahanati bila kutabiri. Mueleze mchungaji wako wa hapo Uyole mambo haya, umwombe aje nyumbani kwenu na wazee wawili wa kanisa wawaombee kama Yakobo 5:14 inavyoagiza, kabla ya siku mtakayopangiwa kwenda Meta. Akichelewa kuja, mkumbushe. Na asipokuja, niandikie tena.