Saa ya mkononi ya kwanza: usinunue tatu kwa mpigo
Ndugu, umeuliza kama laki yako uigawe kwa saa tatu za bei rahisi. Hapana, anza na moja utakayoivaa kila siku. Casio F-91W, saa ya kidijitali iliyotoka 1989, haina makuu na betri yake hukaa takriban miaka 7. Ukitaka otomatiki, ile inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, tafuta Seiko 5. Jina hilo lipo tangu 1963. Ila za mtumba zikague sana: nyingi zimepakwa uso upya, rangi inang’aa kupita kiasi na maandishi yamepinda. Mwombe muuzaji afungue mfuniko wa nyuma uone mashine. Akikataa, ondoka. Na ikiandikwa mita 30, usiogelee nayo. Hiyo ni ya kuvumilia matone tu.