Vidole havijavimba, lakini vinauma

Mwanangu,

Unauliza kama baridi yabisi inaweza kukuuma hivi wakati vidole havijavimba, maana huko Makete wifi zako wanaitazama mikono yako na kusema unakwepa kazi. Inaweza. Hujidekezi hata kidogo.

Ugonjwa huu hukaa kwenye utando mwembamba ulio ndani ya kiungo. Kinga ya mwili huushambulia, nao hunenepa. Ukinenepa kidogo jicho halioni, na hata daktari anayebonyeza anaweza asiuhisi, ila altrasaundi huuonyesha. Wakati mwingine kinachowaka ni ala, yaani ganda linalofunika kano za vidole. Na yapo maumivu yanayobaki hata dawa ikishatuliza viungo, kwa sababu mishipa ya fahamu imekuwa nyepesi kuumia, hasa mtu asipolala. Hayo hayaishi kwa kuongezewa dawa ya viungo, ndiyo maana nataka uyatofautishe.

Ukiamka, tazama saa. Hesabu dakika mpaka uweze kukunja ngumi kamili. Zikifika 60 siku nyingi mfululizo, na mikono ikalainika kadiri unavyoitumia, ugonjwa wenyewe unawaka. Asubuhi ukiwa mzima kisha maumivu yakaja jioni baada ya palizi, kiungo kimechoshwa au kilishaharibika. Ukiumwa mwili mzima mpaka mapaja, na ukaamka umechoka kama hukulala, fikiria mishipa ya fahamu. Mara nyingi huchanganyika, kwa hiyo andika kila siku kwenye daftari kwa wiki 2, uende nalo kliniki. Mwombe daktari akubane kiganja kutoka pembeni, pale vidole vinapoanzia. Ukishtuka kwa maumivu, sema wazi, usijikaze.

Ukiambiwa damu ni safi, usirudi nyumbani kimya. CRP na ESR, vipimo vya damu vinavyoonyesha kuwaka kwa mwili, huweza kuwa vya kawaida huku kiungo kinawaka, na wapo wagonjwa ambao RF, alama ya ugonjwa huu kwenye damu, haijawahi kuonekana kwao. Eksirei ya miezi ya mwanzo nayo mara nyingi haina kitu. Omba altrasaundi ya viganja. Ikikosekana huko, omba rufaa uje Mbeya.

Methotreksati, ile dawa yako ya viungo, ni mara moja kwa wiki, mwanangu, siku ile ile. Kidonge cha 2.5 mg maana yake dozi ya 15 mg ni vidonge 6 kwa wiki nzima. Wapo waliomeza kila siku wakaharibikiwa uboho, ule unaotengeneza damu ndani ya mifupa, wakafa. Asidi ya foliki imeze siku nyingine, kama ulivyoandikiwa. Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12, usiiache njiani. Vidonda mdomoni, homa, kikohozi kikavu au pumzi kubana: usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kabla ya kutafuta mtoto zungumza na daktari mapema, maana dawa hii huharibu mimba.

Vile vidonge vya deksamethasoni vya dukani usivizoee. Hutuliza upesi, lakini hupandisha sukari na presha, hula mifupa, na ukivitumia muda mrefu ukaviacha ghafla mwili unaweza kuzimia.

Baridi ya Juni na Julai haileti ugonjwa, bali huzidisha ukakamavu. Kabla ya kazi tia mikono kwenye maji ya moto kiasi kwa dakika 10, ukivikunja na kuvikunjua vidole humo humo. Jaribu maji kwa kiwiko kwanza. Jiko la mkaa usilale nalo chumbani, hewa yake huua. Mpini wa jembe na wa mwiko uzungushie mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka unenepe, kwani mpini mwembamba hulazimisha vidole kubana zaidi. Ndoo ya lita 20 iache. Chukua madumu ya lita 5, uyakumbatie kwa mikono badala ya kuyaning'iniza vidoleni.

Anza kuhesabu kesho asubuhi. Jumapili nitumie dakika za kila siku, tujue tunaomba nini kliniki.

Mama yako,
Tukuyu