Ubeti, Bethlehemu na kisima cha saba

SWALI: Mimi ni mtunzi wa mashairi. Juzi kanisani mhubiri alituambia kuwa Bethlehemu maana yake ni "nyumba ya mkate", na kwamba "beth" ni nyumba. Mawazo yakanirudisha kwenye ubeti. Akaendelea kutaja Beer-sheba, "kisima cha saba", nikashtuka: hiyo "sheba" si saba yetu hii? Je, Kiswahili kilikopa maneno haya kwa Waebrania?

JIBU: Sikio lako limesikia sawasawa, ila njia umeikosea. Ubeti na saba tumevipata kwa Waarabu. Kiarabu na Kiebrania ndio ndugu wa damu, wote wa ukoo wa Kisemiti. Sisi Wabantu tulikopa kwa ndugu mmoja, na sasa tunashangaa kumwona mwenzake ana sura ile ile. Angalia hesabu zetu: moja hadi tano, kisha nane na kumi, ni za Kibantu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Kiebrania chenyewe husema "sheva", na hiyo ndiyo iliyomo katika Beer-sheba.

Tuanze na nyumba, kwa kuwa wewe ni mtunzi. Kiarabu "bayt" ni nyumba au hema, na pia ni mstari wa shairi wenye vipande viwili. Tena kila kipande huitwa "misraa", neno ambalo maana yake nyingine ni ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Kwa hiyo shairi lilijengwa kama makazi, mlango na yote. Neno lilipofika kwetu tuliliweka katika ngeli ya U-ZI, ubeti mmoja, beti mbili, na chumba tukakipanua: ubeti wa tarbia una mishororo minne. Nyumba hiyo hiyo imo katika "baitulmali". Imo hata katika neno alfabeti, maana herufi ya pili ya Kiebrania huitwa "bet", nyumba, nayo huifuata "alef", jina la kale la ng'ombe.

Sehemu ya pili ya Bethlehemu ina kioja chake. Kwa Kiebrania "lehem" ni mkate. Kwa Kiarabu "lahm" ni nyama. Mji ni ule ule, ila Mwarabu akiutamka, Bayt Lahm, husikia nyumba ya nyama! Inaelekea zamani neno lilikuwa na maana ya chakula kikuu, kisha kila jamii ikalibakiza kwa kile ilichokithamini. Nasi tunafanya vivyo hivyo: kwa wengi wetu bila ugali hujala.

Beer-sheba nayo haikuishia kwenye saba. "Beer" ni kisima, hilo halina ubishi. Lakini "kuapa" kwa Kiebrania kuna konsonanti zile zile za saba, na Mwanzo 21 inazichezea zote mbili: Ibrahimu anamtengea Abimeleki wanakondoo saba wa kike, kisha wawili hao wanaapizana hapo kisimani. Mhubiri akisema "kisima cha saba" yuko sawa. Akisema "kisima cha kiapo" pia yuko sawa.

Hapo ndipo ninapokuomba uwe na tahadhari. Waandishi wa kale walipenda kucheza na sauti, na mchezo wa sauti si lazima uwe asili ya jina. Mwanzo 11 inaufungamanisha Babeli na kitenzi "balal", kuchafua au kuvuruga, kwa sababu ndimi zilichafuliwa pale. Wenyeji wa mji wenyewe waliuelewa kuwa "Bab-ili", lango la mungu. Hilo "bab" ndilo "bab" la Kiarabu, mlango, lililotupa bawabu, mlinzi wa mlango, yule anayemfungulia mchungaji wa kondoo katika Yohana 10. (Babu yako hahusiki. Yeye ni Mbantu halisi.)

Yerusalemu ndiyo inayozungushwa kuliko zote. Utaambiwa ni "mji wa amani", na kitabu cha Waebrania chenyewe kinafasiri mfalme wa Salemu kuwa mfalme wa amani. Lakini jina ni kongwe kuliko Waisraeli mjini humo: barua za karne ya 14 kabla ya Kristo zilizopatikana Amarna, huko Misri, zinauita Urusalim. Wataalamu wengi hulifasiri kuwa "msingi wa Shalem", na Shalem alikuwa mungu wa machweo wa Wakanaani. Hata hivyo, konsonanti za Shalem, s-l-m, ndizo za amani katika lugha hizo, nazo kwetu zimezaa salama, salamu, Islamu na kusilimu. Zimo pia katika mji ambao Sultani Majid wa Zanzibar aliuanzisha miaka ya 1860. Wengi husema jina lake ni "bandari ya salama". Kiarabu chake, "dar", si bandari. Ni nyumba, kwa mara nyingine.