Kuishi ndani ya medina ya Fes: mdogo wako aanze na tanuri na hamamu

Mkuu, umeuliza mdogo wako anayekwenda kusoma Fes atazoeaje Moroko, maana amepata chumba ndani ya medina, yaani mji wa kale, na si bwenini. Nami nilisoma mji huo na nilipanga humo humo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Wengi watamsimulia Qarawiyyin, msikiti na chuo kikongwe kilichoanza mwaka 859, na mabwawa ya kutia ngozi rangi. Hayo atayaona tu. Mimi namwambia awahi kujuana na watu wa tanuri la mkate la mtaa na wa hamamu, yaani bafu la mvuke la watu wote, kwa sababu hapo ndipo mgeni anakuwa jirani.

Mitaa ya kale ya Fes kila mmoja ulikuwa na msikiti, chuo cha Kurani cha watoto, bomba la maji la wote, hamamu na tanuri. Magari hayaingii. Mitungi ya gesi na simenti hubebwa na nyumbu, na akisikia "balak!" (yaani "pisha!") nyuma yake ajibanze ukutani upesi.

Kina mama hukanda unga nyumbani, hupanga mikate bapa juu ya ubao, hufunika kitambaa, na mtoto huipeleka tanurini. Mwokaji anajua mkate upi ni wa nyumba ipi, na sijawahi kusikia ugomvi wa kuchanganyiwa. Jirani yangu, mama mtu mzima tuliyemwita khalti, yaani mama mdogo, aliniomba nimpelekee ubao wake wajukuu walipokuwa shule. Tangu hapo wenye maduka wa kichochoro chetu walinisalimia na kuniuliza habari za nyumbani Tanga. Mkate huko unaheshimiwa mno: kipande kikianguka huokotwa, wengine hukibusu, kisha huwekwa mahali pa juu pasipokanyagwa. Mabaki hutengwa na takataka, mara nyingi kwa ajili ya mifugo. Asije akautupa mkate kwenye pipa.

Hamamu watu huenda kwa kawaida mara moja kwa wiki, wanawake na wanaume kwa saa au milango tofauti. Wanaume hawavui yote, abaki na bukta. Achukue ndoo, sabuni nyeusi laini ya zeituni, na kesa, yaani glavu yenye kukwaruza. Ajipake sabuni, akae kwenye joto, ndipo asuguliwe. Nongo zitakazotoka zitamshangaza. Mtu asiyemjua anaweza kumwomba amsugue mgongo, naye akubali, kisha atasuguliwa wake. Mazungumzo ya humo yalinifundisha Darija, Kiarabu cha mitaani cha Moroko, kuliko darasa lolote, na Kifaransa cha chuoni hakifiki mbali vichochoroni. Mwanzoni mwa 2024 ukame ulifanya hamamu za miji kadhaa, Casablanca ikiwemo, zifungwe siku tatu kwa wiki, kwa hiyo aulize ratiba, na maji asiyamwage ovyo.

Kama ni Mwislamu aliyelelewa kwa madhehebu ya Shafii kama wengi wetu wa pwani, ajue kule ni Maliki. Wengi huswali mikono ikiwa chini, Kurani husomwa kwa kisomo cha Warshi, kimojawapo cha visomo vyake, na baada ya magharibi atakuta waumini wakisoma hizbu, yaani fungu la Kurani, kwa pamoja kwa sauti. Mimi nilipenda sana kukaa kuisikiliza. Asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia karibu misikiti yote. Ule wa Hassan II, Casablanca, hupokea wageni kwa ziara maalumu.

Ijumaa baada ya swala ni kuskusi, chakula cha punje ndogo za ngano. Akialikwa, aende. Hupikwa kwa mvuke wa mchuzi ulio chini yake, huteremshwa, hupikichwa kwa mikono, hurudishwa tena, mara mbili tatu, ndipo humwagiwa mchuzi wenye boga, karoti na kabichi. Sahani ni moja. Ale sehemu iliyo mbele yake, na nyama ya katikati aiache mpaka mwenyeji aigawe. Atahimizwa ale zaidi na zaidi, kwa hiyo asishibe mapema. Chai ya nanaa itafuata, tamu kweli kweli.

Mikono mitupu haifai. Koni ya sukari ya kilo mbili iliyofungwa kwa karatasi ni zawadi ya heshima kwa furaha na kwa msiba, na haikosekani dukani mtaani. Akiwa na swali la karatasi za ukaazi aandike hapa hapa, nitamjibu.