Mwanangu, anza na iliyokwisha

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na mdogo wako anakusalimu. Umeniuliza hivi: umefika mwisho wa sehemu zilizotoka za Omniscient Reader, sasa uendelee kuingoja webtuni, yaani katuni ya Kikorea ya kuteremsha kwenye simu, wiki kwa wiki, au uhamie kwenye riwaya iliyotokana nayo umalize kisa chote mara moja? Nimekaa na swali lako tangu jana. Kila nikishika simu nikujibu, linanijia lingine kabla yake: ilikuwaje ukaanza na ndefu ambayo haijaisha, na webtuni nzuri zilizofika tamati zimejaa tele? Niache nianzie hapo.

Neno langu unalijua: anza na iliyokwisha. Mlilisikia mlipokuwa mnagombania simu moja hapa sebuleni, na leo nalirudia. Webtuni ya Kikorea kwa kawaida hutoka sehemu moja kwa wiki, yote kwa rangi, na sehemu moja hubeba picha 60 au zaidi. Sasa piga hesabu. Riwaya ya Omniscient Reader, ya Sing Shong, ilitoka kati ya 2018 na 2020, na ina sura 551. Webtuni yake ilianza 2020, imeshapita sehemu 200, na njia bado ni ndefu. Mwaka una wiki 52 tu, na hapo hujatoa mapumziko ya kati ya msimu na msimu. Webtuni nyingine, Tower of God ya mchoraji SIU, imekuwa ikitoka tangu 2010. Mwaka 2020, mwaka uleule ilipotengenezewa anime, katuni ya Kijapani ya televisheni, ilisimama kwa sababu ya afya ya mchoraji, ikarudi 2021. Anayeingia kwenye kazi za namna hii aingie akijua kwamba anaanza safari ya miaka.

Zilizokwisha unaziona mwanzo na mwisho. Bastard ya Kim Carnby na Hwang Young-chan ilianza 2014 ikaisha 2016, haikufika hata sehemu 100, na hakuna sehemu iliyowekwa kujaza nafasi tu. Wawili haohao wakatoa Sweet Home, 2017 hadi 2020, ile iliyofanywa tamthilia na Netflix. Usiniambie umeshaiona kwenye televisheni. Kwenye webtuni yule kijana yuko peke yake chumbani, na wewe uko peke yako na simu, na hapo ndipo inapotisha.

Maana webtuni ni kazi ya kidole gumba. Tangu enzi za mchoraji Kang Full kwenye tovuti ya Daum mwaka 2003, wachoraji wa Korea wamejifunza kwamba nafasi tupu kati ya picha mbili ndiyo muda wenyewe. Picha zikibanana, mambo yanakimbia. Wakikuachia weupe au weusi mrefu usio na kitu, wanakushikisha pumzi. Unakumbuka ile webtuni fupi ya mzimu ya mchoraji Horang, ya 2011, ambayo ukurasa unateremka wenyewe bila wewe kuugusa? Ulivyoirusha simu kwenye kochi! Kaka yako alicheka mpaka akakaa chini. Riwaya haiwezi kukufanyia hivyo, na hata webtuni haiwezi ukiisoma kwenye kompyuta, ambako jicho linaiona picha ya chini kabla ya wakati wake. Soma kwenye simu, uisimamishe wima. Zima ule mwanga wa njano wa usiku, maana unaharibu rangi ambazo mtu kazipanga kwa makusudi. Na usiteleze haraka: picha ikijaa kioo kizima, simama.

Nikitaja picha inayojaa kioo siwezi kuiacha Solo Leveling. Lile hekalu la mwanzo, wawindaji wa mazimwi wamefungiwa ndani, sanamu kubwa limekaa kwenye kiti chake, na amri tatu zimeandikwa kwenye bamba la mawe. Unateremsha, unateremsha, macho ya sanamu yanageuka. Watu wanapiga magoti ndipo miale inakoma. Halafu unakuja ule uso unaotabasamu, meno yote nje, upana wote wa simu. Riwaya ya Chugong ilikuwa na tukio hilo kwa maneno. Aliyelifanya lisisahaulike ni Jang Sung-rak, aliyejulikana kwa jina la DUBU, wa studio ya Redice. Webtuni ilianza 2018, na kisa chake kikuu kikafungwa Desemba 2021 kwa sehemu ya 179. Mnakumbuka nyumba ilivyokuwa: hakuna aliyeruhusiwa kusema lolote mpaka wa mwisho amalize.

Julai 2022 DUBU akafariki. Alikuwa na miaka 37, damu ilivuja kwenye ubongo, na mwili wake ulikuwa na maradhi ya siku nyingi. Ile habari bado inaniuma, mwanangu. Ile mikono yote ya vivuli inayonyanyuka sakafuni, zile panga, yale mavazi ya chuma yenye kila kipande chake, yote yalitoka kwa mtu mgonjwa aliyekuwa na siku ya kukabidhi kazi kila wiki. Nami ndiye niliyekuwa nikiwaambia, “Ngojeni iishe ndipo tusome.” Hapo ndipo ninapobishana na nafsi yangu. Wasomaji wote wakingoja tamati, nani atamlisha anayechora leo? Wachoraji wengi wa Korea hupewa malipo ya mwezi ya uhakika, yanayokatwa baadaye kwenye mauzo ya kazi yao. Webtuni isiposomwa wakati inatoka, hufupishwa ama hukatwa, na mwisho huo tunaousubiri haufiki. Kwa hiyo wanaosoma kila wiki ndio wanaotufikishia sisi kazi iliyokamilika. Hilo nalikubali. Bado nasema anza na iliyokwisha, lakini ukishapata mchoraji unayempenda, mfuate wiki kwa wiki, na akitangaza mapumziko usilalamike hata kwa neno moja.

Na Omniscient Reader inatoka studio hiyohiyo ya Redice, anachora Sleepy-C. Ndiyo sababu swali lako limenigusa kuliko ulivyodhani.

Nirudi kwenye kuchagua, maana hapo ndipo watu wanapopoteza muda. Usiihukumu webtuni kwa sehemu tatu za kwanza. Hizo huchorwa kabla ya kuanza kutoka, mchoraji akiwa na akiba na nafasi ya kurekebisha. Soma hizo tatu, kisha ruka uangalie sehemu ya 30 au 40 bila kujali kisa. Tazama nyuma ya wahusika: chumba kipo, au ni rangi moja tupu? Majengo ya kompyuta wanayatumia karibu wote na si kosa, ila tazama kama mwanga wake unalingana na mwanga wa nyuso. Tazama mikono: mchoraji aliyezidiwa huificha mifukoni au huikata nje ya picha. Uso uleule, pembe ileile, mara nne katika sehemu moja, maneno marefu juu yake, hiyo ni dalili ya kazi iliyoishiwa pumzi. Ukikuta sehemu ya 40 inalingana na ya kwanza au inaizidi, ingia bila wasiwasi.

Soma pia majina. Nyingi zina majina matatu: wa riwaya, wa kuigeuza riwaya kuwa maandishi ya webtuni, na wa kuchora. Huyo wa kati hatajwi sana, lakini ndiye anayeamua nini kikatwe. Ikitokana na riwaya iliyokamilika, angalau mwisho upo na unajulikana. Ikiwa ni ya mchoraji mwenyewe, haina mwisho mpaka auandike. Hizi za mtu kufa akarudi zamani na akili ya utu uzima, au binti kuzinduka akajikuta ndiye mwovu wa riwaya aliyoisoma, zipo nyingi mno. Chagua mbili zilizochorwa vizuri, nyingine zipite.

Kuhusu pesa: kwenye programu rasmi, zilizokwisha mara nyingi hukufungulia sehemu moja bure kwa siku, na huo ni mwendo mzuri kwa mtu mwenye kazi. Kulipa sarafu ili usome mbele hakukuondolei kungoja. Ukishamaliza za mbele, wiki ijayo utapata ileile moja kama wenzako wote. Na kabla ya kulipa angalia unanunua au unakodi, maana kuna programu ambazo ulichokilipia hufungwa tena baada ya siku kadhaa. Picha zinakula bando, kwa hiyo pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini, ukijua zilizopakuliwa nazo zina muda wake. Zile tovuti za wizi ziache. Picha zimebanwa mpaka mistari myembamba imepotea, tafsiri ya mashine inamfanya mzee aongee kama mtoto, na mchoraji hapati hata senti. Bamtoki, iliyokuwa kubwa kuliko zote Korea, mwendeshaji wake alikamatwa 2018, na zimeota nyingine.

Sasa swali lako lenyewe. Ndani ya riwaya utapata kile ambacho webtuni inakipunguza: mawazo ya mhusika mkuu Kim Dokja mwenyewe, hesabu zake kabla ya kila uamuzi, na zile nyota, viumbe wenye nguvu wa kisa hicho, zinazomtumia ujumbe huku zikimtazama. Kwenye webtuni ujumbe huo umebaki visanduku vya bluu. Utamwelewa zaidi yeye na mwenzake Yoo Joonghyuk. Lakini ukishajua kinachokuja, ile nafasi tupu kati ya picha haitakushika pumzi tena, na Sleepy-C ataichora bure kwako. Ama pengine si bure: wapo wanaosoma riwaya kwanza halafu wakaifurahia webtuni maradufu, wakisubiri waone tukio fulani litachorwaje. Mdogo wako ni mmoja wao kwa tabia, wewe sijui. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unafungua ukurasa wa mwisho wa kila kitabu, kisha unanuna.

Jibu langu ninalo, na linanitekenya ulimi, lakini silisemi. Ukinisikiliza utanilaumu, na usiponisikiliza nitakulaumu. Ninachokuomba ni kwamba, kama utachukua riwaya, umalize kwanza Bastard wiki hii, ili ujue ladha ya kisa kilichofungwa vizuri kabla hujaingia kwenye sura 551. Na ukishaimaliza riwaya usimdokeze mdogo wako lolote. Yuko bado kwenye kile kisa cha ukumbi wa sinema, na ananiuliza kila siku kama wewe umeshamwambia mtu.

Mama yako