Jibu: Wanafunzi wanaokota plastiki, watu wazima wanaendelea kutupa

Mwalimu, umeuliza ufanyeje ili kazi ya klabu yako ya mazingira isiishie kwenye kuokota taka huku watu wakizidi kutupa. Mimi ningeweka mabango kando kwanza, nianze na kuhesabu.

Wape eneo dogo, hata mtaro mmoja unatosha. Wakishaokota wasikimbilie jalalani. Wamwage kila kitu juu ya turubai, watenge mifuko, vifuniko, chupa, mirija na vipakiti vya pipi, kisha waandike idadi na jina la kampuni lililochapwa. (Vipakiti vitawachosha, maana ni vingi na hakuna anayevinunua kwa ajili ya kurejeleza.) Mtoto anayesema "plastiki ni mbaya" hupigiwa makofi na kusahauliwa. Anayesimama mbele ya viongozi wa mtaa na daftari la hesabu huulizwa maswali.

Hapo aombe jambo moja tu linalotekelezeka, kwa mfano wauzaji wasitoe mrija mpaka mteja auombe.

Ila msitarajie matokeo muhula huohuo. Kule Bali, Indonesia, Melati na Isabel Wijsen walianza kampeni ya kupinga mifuko ya plastiki mwaka 2013, wakiwa na miaka 12 na 10. Marufuku ilianza kutekelezwa 2019. Kwa hiyo ingiza wa madarasa ya chini mapema, wakubwa wakihitimu kazi isife.

Glavu ni lazima. Vioo na sindano aokote mtu mzima.